Kisima Kimoja, Nchi Mbili

Sisi tunaokaa karibu na Kasumbalesa tunajua sana neno mpaka. Kila siku tunaona malori ya shaba yakingoja njia. Tunaona watu wakionyesha karatasi zao, na mama wenye mabeseni ya mboga wakiulizwa: Unatoka wapi? Unaenda wapi? Unga, sabuni, saruji, hata kuku, kila kitu kinahesabiwa na kulipiwa. Lakini kuna kitu kimoja kinachovuka usiku na mchana bila karatasi wala ushuru, na askari hawakioni. Kitu hicho ni maji yaliyo chini ya miguu yetu. Leo tunataka kuzungumza nanyi habari ya maji hayo, kwa sababu majira yamegeuka, na visima vyetu vimeanza kutuonya.

Kwanza tukumbuke mpaka huu ulitoka wapi. Tarehe 12 Mei 1894 Waingereza na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, walipatana juu ya kugawana nchi hizi. Hawakufuata makabila, ndiyo maana Walamba wako pande zote mbili hata leo. Walifuata maji ya mvua. Pale ambapo mvua inateremkia mto Kongo, hiyo ni nchi ya mfalme. Pale inapoteremkia Zambezi, hiyo ni ya Waingereza. Basi mpaka wetu ukapita juu ya mgongo wa nchi, kama vile mgongo wa paa unavyogawa mvua ya nyumba. Tone likianguka upande wa Lubumbashi huingia Kafubu, kisha Luapula, na baada ya safari ndefu sana hufika bahari ya Atlantiki. Tone lingine, likianguka ng'ambo ya mgongo ule, huingia Kafue, kisha Zambezi, na mwisho wake ni bahari ya Hindi. Matone mawili ya wingu moja huagana hapa kwetu, yasionane tena.

Kwa maji yanayopita juu ya ardhi, mpango ule ulikuwa na akili yake. Lakini wale waliochora mpaka walitazama juu tu. Chini ya mgongo ule yako mawe ya chokaa na ya dolomi, na mawe hayo ni ya namna moja Kongo na Zambia. Wataalamu wa mawe wanaita tabaka moja lao Kakontwe, jina la huku kwetu Katanga, na jina hilohilo wanalitumia kule Ndola. Maji ya mvua yana ukali kidogo. Yanapopenya katika mawe ya namna hii huyala polepole, mwaka kwa mwaka, kwa maelfu ya miaka. Nyufa hupanuka, mapango hutoboka, na maji hupata nyumba.

Wengine hudhani kwamba chini kuna mto mkubwa unaopita gizani. Mara nyingi sivyo. Twaeni beseni, lijazeni changarawe, kisha mimineni maji mpaka nusu. Juu changarawe ni kavu, lakini ukitoboa kwa kidole utafika kwenye maji. Sasa toboeni mahali pawili, kushoto na kulia. Choteni sana upande wa kushoto, na maji ya kulia nayo yatashuka. Laza uzi katikati ya beseni, juu ya changarawe, useme: Huu ni mpaka. Maji hayatakusikia. Hayo ndiyo maji yetu na maji ya Zambia.

Watu wa migodi wanajua jambo hili kuliko sisi sote. Ng'ambo ya Kasumbalesa, si mbali, uko mji wa Chililabombwe. Katika Kilamba jina hilo ni mahali wanapolia vyura. Wazee waliolitoa walijua kwamba hapo pana maji. Huko kuna mgodi wa Konkola, unaohesabiwa kati ya migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani. Ili wachimbaji wasizame, pampu zake zimetoa, katika miaka fulani, zaidi ya meta za ujazo 300,000 kwa siku moja. Tukizigeuza kuwa bidoni zetu za lita 20, ni bidoni milioni 15 kila siku. Maji hayo humwagwa mtoni, huingia Kafue, na kwenda zake kusini.

Na upande wetu tazameni Kipushi, mji uliokaa kabisa kwenye mpaka. Uchimbaji pale ulisimama mwaka 1993, lakini pampu ziliachwa zifanye kazi. Mwaka 2011 pampu zikashindwa. Maji yakapanda katika shimo la mgodi na kufunika vyumba vya chini, na kazi ya kuyashusha ilichukua miaka. Ni mwaka 2024 tu mgodi ule ulianza tena kutoa madini. Tunaleta mifano hii ili mwone ukubwa wa ghala lililo chini yetu, tena mwone kwamba mkono wa mtu unaweza kulishusha na kulipandisha.

Sasa tuje kwenye majira. Ghala hili halina mlango mwingine ila mvua. Huku kwetu mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Kisha tunakaa miezi mitano au sita bila tone. Mwaka wa kawaida huleta karibu milimeta 1,200. Sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na miti na majani, au hupanda tena hewani kwa joto, au hukimbilia mitoni. Kidogo tu hupenya mpaka chini. Hicho kidogo ndicho tunachochota Septemba, wakati vijito vimekauka na vumbi jekundu limefunika mabati.

Ulimwengu umepata joto. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima, na joto lake lilipita lile la zamani, kabla ya viwanda kuenea, kwa digrii moja na nusu hivi. Msidharau digrii moja. Hewa ikiongezeka joto digrii moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa sehemu 7 katika 100. Hewa yenye joto ni kama mtu mwenye kiu: hunywa maji ya shamba, ya majani na ya dimbwi, na hukaa nayo muda mrefu. Kisha siku ikiyaachilia, huyamwaga yote kwa pamoja. Ndiyo sababu tunaona mvua ikichelewa, halafu ikishuka kwa nguvu siku mbili au tatu, ikibomoa njia na kujaza vyoo, na kisha jua kali majuma mawili katikati ya masika. Mahindi yanakauka yakiwa bado yanatoa maua.

Je, mvua ya nguvu haijazi visima? Swali hili ni zuri, nasi tulijibu kwa haki. Mahali pengine huvijaza. Huko Makutapora, karibu na Dodoma katika Tanzania, watu wamepima maji ya chini tangu mwaka 1955. Wameona kwamba yanaongezeka hasa katika miaka michache ya mvua nyingi sana, kama ile ya 1997 na 1998, na katika miaka mingine yanashuka tu. Kwa hiyo mvua kubwa yaweza kuwa baraka kwa ghala. Lakini lazima ardhi iwe wazi kuipokea. Pori la miombo likisimama, majani makavu hushika maji kama sifongo na mizizi huyafungulia njia. Pori likikatwa lote kwa ajili ya makala, jua huchoma udongo mpaka uwe mgumu kama tofali, na mvua hupita juu yake bila kuuliza hodi. Basi majira mapya yanatutaka tufungue ardhi, nasi siku hizi tunaifunga.

Jirani zetu walionja uchungu huu kabla yetu. Masika ya 2023 na 2024 yaliwakosa. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame ule ni msiba wa taifa. Wilaya 84 kati ya 116 za Zambia ziliguswa, na karibu hektari milioni moja za mahindi ziliharibika. Ziwa Kariba likashuka, umeme ukapungua, watu wakakaa gizani saa nyingi. Na sisi je? Sisi tunaokula bukari ya unga wa Zambia tuliusikia ukame ule sokoni. Mvua iliyokosa kunyesha ng'ambo ya mpaka ilikuja kuketi kwenye masufuria yetu.

Hapo ndipo jambo la visima linapoingia. Mvua ikikosa, mtu hufanya nini? Huchimba. Mkulima wa Zambia huchimba ili aokoe shamba lake. Mwenye hoteli huchimba, mwenye kuosha malori huchimba, mwenye kufyatua matofali huchimba. Huku kwetu, kila anayepata fedha kidogo huita mashine na kutoboa foraje uani kwake, meta 50 au 60. Hakuna anayemwuliza jirani wa nyuma ya ukuta, sembuse jirani wa nchi ya pili. Mwaka ambao ghala limepokea kidogo ndio mwaka ambao watu wanachota zaidi. Na kila mtu anasema: Nachota katika kiwanja changu.

Katika mtaa wetu tuliona neno hili kwa macho. Tulikuwa na kisima cha zamani chenye pete za saruji, ambacho kililisha nyumba nyingi. Zamani kamba ya meta tisa ilitosha mpaka mwisho wa kiangazi. Baadaye tukaongeza meta moja, kisha mbili. Agosti moja kisima kilitoa tope. Watoto wa kike walianza kuamka saa tisa za usiku kutafuta maji mbali, na wengine walifika darasani wamechelewa, macho mekundu kwa usingizi. Karibu na kisima kile, baba mmoja mwenye biashara alikuwa ametoboa foraje yenye pampu ya umeme, akijaza matangi na kuuza maji kwa bidoni. Mama zetu wakasimama mlangoni pake na bidoni tupu wakazipigapiga. Yeye akasema kwamba amelipa mashine, amelipa bomba, na ardhi ni yake kwa karatasi. Wao wakasema kwamba maji ya foraje ni maji yaleyale ya kisima. Maneno yakawa makali. Kijana mmoja akaokota jiwe.

Wakamwita mzee mmoja aliyechimba visima maisha yake yote. Hakutoa hukumu ya nani mwovu. Aliuliza tu: "Pampu hii inaanza saa ngapi, na inakoma saa ngapi?" Ikaonekana kwamba ilifanya kazi mchana kutwa. Mzee akaomba izimwe siku mbili nzima. Asubuhi ya siku ya tatu alishusha kamba yenye fundo kila nusu meta katika kisima cha zamani, na maji yalikuwa yamepanda mafundo mawili. Kisha akasema: "Mnagombania midomo ya chungu. Chungu ni kimoja." Watu wote walinyamaza, na yule baba mwenyewe akaitazama kamba. Baada ya hapo walipatana. Pampu ifanye kazi saa chache tu kwa siku. Bomba moja litolewe nje ya ukuta kwa ajili ya jirani. Nao jirani walipe sehemu ya umeme. Mapatano yale yamekuwa na matata yake, maana mtu hachoki kutamani, lakini hayajavunjika. Nguvu yake ilitoka kwenye ile kamba. Watu waliona hesabu, hawakusikia hadithi.

Wasomaji wanaojua Kitabu cha Mwanzo watakumbuka Isaka na wachungaji wa Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wenyeji wakakidai. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Wakachimba cha tatu, na hapo tu wakapata nafasi. Isaka alikuwa na nchi pana, aliweza kuondoka na kuchimba mbele. Sisi hatuna mahali pa kuondokea. Tukichimba cha pili na cha tatu, tunafika katika chungu kilekile.

Basi, yale ambayo mtaa mmoja uliyaweza, je, nchi mbili zitayaweza? Hapa yatupasa kuona pengo moja. Nchi za Afrika zina vyama vya kutunza mito yao. Kongo iko katika chama cha mto Kongo na Ubangi na Sangha, kinachoitwa CICOS, kilichoanzishwa mwaka 1999, Zambia haimo. Zambia iko katika chama cha Zambezi, kinachoitwa ZAMCOM, kilichotokana na mapatano ya mwaka 2004, Kongo haimo. Kila chama kinafuata maji ya juu, sawasawa na waliochora mpaka mwaka 1894. Na maji yaliyo chini ya mgongo wa paa, yanayokaa kati ya mito hiyo miwili, meza yake ni ipi?

Meza si kwamba haipo kabisa. Kongo na Zambia zote mbili ni za SADC, na SADC ilifanya mkataba wa maji yanayoshirikiwa huko Windhoek mwezi wa Agosti 2000. Tena ina chuo cha maji ya chini huko Bloemfontein, Afrika ya Kusini, cha kusaidia nchi kupima na kutunza maji hayo. Umoja wa Mataifa nao, tarehe 11 Desemba 2008, ulizikumbusha nchi zote kanuni ambazo kila mkulima angezielewa: tumieni kwa haki, msimdhuru mwenzenu, pashaneni habari. Maneno ni mazuri. Yanangoja watu wa kuyashusha hapa chini, kwenye kamba na mafundo.

Tena si ndoto. Huko Ulaya, kati ya Uswisi na Ufaransa, mji wa Geneva na vijiji vya Wafaransa hunywa maji ya ghala moja lililo chini ya mpaka. Katika miaka ya 1960 na 1970 walipiga pampu bila kiasi, maji yakashuka zaidi ya meta 7, na visima vingine vikakauka. Wangeweza kushtakiana mpaka leo. Lakini mwaka 1978 walitia sahihi mapatano. Waliweka watu sawa kwa sawa wa pande mbili kuangalia kazi, na kila kisima kikapimwa. Tangu mwaka 1980 mtambo mmoja huchukua maji ya mto Arve wakati yanapofaa, huyasafisha na kuyashusha ardhini ili yajaze ghala, na pande zote mbili hutoa sehemu yao ya gharama. Mapatano hayo yalifanywa upya mwaka 2007. Mtu atasema: Wale ni matajiri. Ndiyo, mtambo unataka fedha. Lakini kabla ya mtambo walihitaji vitu viwili visivyo ghali: kupima kwa pamoja, na kuambiana kweli.

Sisi nasi tuna kazi yetu, kila mtu mahali pake. Kwanza, tupime. Kila kisima cha mtaa, cha shule, cha misioni, kipewe kamba yake yenye mafundo, na mtu mmoja wa kuandika katika daftari mara moja kila mwezi: tarehe, na mafundo mangapi mpaka maji. Kazi hii mtoto wa darasa la sita anaiweza. Pili, tufungue ardhi. Tuchimbe mitaro inayokata mteremko shambani ili maji yasimame yapenye. Tuache miti juu ya chemchemi na kando ya vijito. Na anayechoma makala aache visiki vichipuke tena, asivichome moto. Tatu, tulinde yaliyo chini. Choo kisiwe karibu na kisima, kiwe mbali meta 30 walau, upande wa chini wa mteremko. Maana mawe ya chokaa hayachuji uchafu vizuri, na kipindupindu kinajua njia ya nyufa zile. Mafuta ya malori na maji ya betri yasimwagwe shimoni. Nne, tuwaombe wakubwa wetu waandike kila foraje, ya mtu mdogo na ya kampuni kubwa, na hesabu zao zisifungiwe kabatini, wawapashe wenzao wa Zambia, nao Wazambia vilevile.

Wengine watauliza faida ya kumwambia jirani wa ng'ambo kina cha kisima chetu. Faida ni hii: yeye akijua, hataweza kusema kwamba hakujua, nasi tukijua chake, hatutamdhania mabaya bure. Magomvi mengi ya maji huanza gizani. Katika miaka ya joto inayokuja giza hilo litakuwa la hatari zaidi, kwa sababu kila mtu atakuwa na kiu na kila mtu atakuwa na pampu.

Daftari na kamba ni vitu vidogo. Lakini tukianza mwezi huu, baada ya miaka mitano tutakuwa na masika matano na viangazi vitano vilivyoandikwa. Na ndugu zetu wa Chililabombwe wakiandika vyao, siku wakubwa wa nchi mbili watakapoketi kwenye meza moja watakuta hesabu imekwisha kuwekwa mbele yao, kwa mikono ya wale wanaochota.